Kikombe cha Mkosaji Bora

Mpendwa Shangazi,

Naomba msaada wako, na naomba upesi, maana Ijumaa natakiwa kutia sahihi barua ya kumfukuza kazi mtu kwa kosa nililolifanya mimi, na hakuna anayejua isipokuwa mimi, mke wangu ambaye ameacha kunitazama usoni, na sasa wewe.

Mimi ni mkuu wa kitengo katika kampuni ya teknolojia, tuko tisa, tunatunza mfumo ambao kliniki hutumia kupanga miadi ya wagonjwa, na mwaka jana mkurugenzi wetu alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa kama mtu aliyeokoka, akatuambia kuanzia leo sisi si wafanyakazi tena, ni timu ya utendaji wa hali ya juu, akaondoa viti vyote kwenye chumba cha mikutano ili tufikiri tukiwa wima, akabandika ukutani neno UTHUBUTU kwa herufi kubwa kuliko dirisha, kisha akataka kila mkuu wa kitengo alete wazo la kujenga utamaduni huo mpya, nami kwa kiherehere changu nikaleta Duara.

Duara ni hivi, Shangazi: kila Jumatatu saa mbili na nusu tunasimama tukitazamana, kila mmoja anataja kosa alilolifanya wiki iliyopita bila kujitetea, tunapiga kura, na aliyekiri vizuri kuliko wote anapewa kikombe kikubwa cha chai, cha njano, kimeandikwa MKOSAJI BORA, na wiki nzima anaruhusiwa kutoka saa kumi badala ya saa kumi na mbili. Nilitaka watu wasiogope kusema makosa yao mapema, na mwanzoni walisema kweli, hata mkurugenzi akanisifu mbele ya wakuu wenzangu. Lakini watu tisa hawawezi kuwa na makosa ya maana kila wiki, basi wakaanza kuyatunga. Mmoja akakiri kwamba anawajali wateja kupita kiasi. Mwingine akakiri kwamba anamaliza kazi mapema mno na kuwavunja moyo wenzake. Bingwa wao ni mtu mzima mmoja tunayemwita Bwana Toba, fundi wa kumbukumbu za mfumo, ambaye hushusha pumzi kwanza, akainamisha kichwa, sauti ikatetemeka pale pale inapotakiwa kutetemeka, na amekwishachukua kikombe mara kumi na moja.

Sasa, wiki mbili zilizopita, Jumanne mchana, nilikuwa nafuta miadi ya uongo tunayoitumia kufanyia majaribio, mama mkwe akapiga simu kuuliza kama yule fundi wa paa nimempata au namdanganya, nikawa namjibu huku mkono unaendelea, na nilipokata simu ndipo nikaona kwamba sikuwa kwenye mfumo wa majaribio bali kwenye mfumo wenyewe, na nimefuta miadi ya siku tatu ya kliniki kumi na mbili. Nakala ya akiba iliyokuwapo ilikuwa ya wiki nzima nyuma. Kesho yake wajawazito walipanga foleni mpaka barabarani, na wazee waliokuja bila kula ili wapimwe damu wakaambiwa majina yao hayapo. Na kwa kuwa kitengo kizima tunaingia kwa akaunti moja, ambayo nenosiri lake limebandikwa juu ya birika la chai, mfumo hauwezi kusema ulikuwa mkono wa nani.

Nilijiapiza kwamba Jumatatu nitasema kwenye Duara. Jumatatu ikafika, nikafungua mdomo, na kabla sijatamka neno Bwana Toba akashusha pumzi.

"Ndugu zangu," akasema, "ile miadi niliifuta mimi."

Shangazi, watu walipiga makofi. Mkurugenzi alifuta machozi. Na mimi nilipiga makofi.

Jumatano wenye kliniki wakaja, na hao hawakuwa watu wa makofi, walitaka kuonyeshwa mtu aliyefukuzwa, na mkurugenzi yule yule aliyelia akaniagiza niandae barua. Bwana Toba alipojaribu kumweleza kwamba hakufanya, aliambiwa kwamba kurudi nyuma baada ya kukiri ni kinyume kabisa cha uthubutu. Alhamisi akanifuata kwenye ngazi.

"Mkuu, unanijua, mimi ni mwongo wa Duara tu," akaniambia. "Nilitaka saa kumi. Hata miadi ya binti yangu ilikuwamo humo humo."

Ndipo akanieleza kwamba binti yake mdogo ana tatizo la mguu, ananyooshwa kliniki kila siku saa kumi na nusu, na mama yake hayupo tena, na kwamba aliniomba ruhusa mara mbili mwaka jana nikamjibu kuwa timu ya utendaji wa hali ya juu haitoki saa kumi. Nilikuwa nimesahau. Nilimwambia nitaona la kufanya.

Jumapili nyumbani, tukiwa mezani kwa chakula cha mchana (maana Duara nimelipeleka mpaka kwangu, mke wangu anasema hilo ndilo kosa langu la kwanza), binti yangu wa miaka saba akakiri kwamba ndiye aliyepasua kioo cha simu ya mama yake, akalia, kisha akasema, "Baba, zamu yako." Nikasema kosa langu ni kufanya kazi sana. Akanitazama, akasema hilo si kosa.

Nimebakiza mwezi mmoja kupandishwa kuwa naibu mkurugenzi. Shangazi, hakuna njia ya kumwokoa yule bwana bila mimi kuzama? Na nakusihi, dada wa mapokezi kwetu husoma safu yako kwa sauti kila Alhamisi saa nne wakati wa chai, kwa hiyo badilisha hilo la kikombe wasije wakanitambua, weka hata kofia.

Mimi,
Mkuu Niliyebanwa

*

Mkuu Uliyejibana,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili nilifika kwenye mguu wa yule mtoto, kicheko kikaisha.

Nakuonea huruma kidogo, nikuambie mapema ili usidhani nina roho ya chuma. Kufuta kitu kwa bahati mbaya huku mama mkwe yuko sikioni kunaweza kumpata yeyote. Mimi mwenyewe niliwahi kuchapa tangazo la harusi kwenye ukurasa wa misiba, na bibi harusi alinifuata na ukurasa mkononi. Ningekuwa nakujibu kuhusu ile Jumanne tu, ningekupa pole nikuage.

Lakini makofi, baba. Makofi! Mtu anavaa kosa lako mbele ya macho yako nawe unamshangilia?

Hebu tuutazame huo utamaduni wenu. Kwenu mtu akisema ukweli mtupu, kwamba ana mtoto anayehitaji kupelekwa kliniki, hapati kitu. Akisema uongo kwa sauti ya kutetemeka, anapata nafuu ya saa mbili kila siku na kikombe juu yake. Halafu mnashangaa amekuwa bingwa. Mara kumi na moja yule baba amejipaka matope ili ampeleke mwanawe kwa daktari, na katika mara zote hizo wewe mkuu wake hukuuliza anakimbilia wapi saa kumi. Mmeondoa viti, mmebandika maneno ukutani, nawe umeshindwa kumuuliza mtu habari za nyumbani kwake. Huo utendaji una hali ya juu ya nini?

Unauliza kama kuna njia ya kumwokoa bila wewe kuzama. Hakuna. Na acha kuzunguka, ulilijua jibu kabla hujanunua bahasha.

Sasa sikiliza, na ufanye kwa mpangilio huu. Nenda kwanza kwa Bwana Toba, si kwa mkurugenzi. Mwambie, "Ni mimi," kisha ukae kimya apate nafasi ya kukutukana, maana ana haki hiyo na wewe una masikio. Kutoka hapo ingia kwa mkurugenzi na karatasi yenye mistari mitatu: nini kilifutwa, nani alifuta, saa ngapi. Mama mkwe asionekane humo. Nakala moja iende kwa wenye kliniki, na usisubiri Jumatatu wala Duara, kwa sababu humo watakupigia makofi na hustahili hata moja. Kwenye karatasi ya pili omba ruhusa ya yule baba kutoka saa kumi, kila siku, mpaka mguu wa binti yake unyooke, na sababu uiandike kama ilivyo.

Yakiisha hayo, bandua ile karatasi ya nenosiri juu ya birika, kila mtu awe na akaunti yake, na rudisheni viti. Watu wazima wanaumwa migongo.

Inawezekana unaibu ukakupita. Inawezekana hata wewe ukapewa barua. Sitakudanganya kwamba mkurugenzi wako atafurahi, maana machozi yake nimeyaona yanavyokauka haraka. Ila Jumapili ijayo binti yako atakugeukia tena mezani, na safari hii utakuwa na cha kumjibu.

Kitu kimoja kimenibaki. Mtu asiyetaka kujulikana haandiki kwenye safu inayosomwa kwa sauti ofisini kwake. Nadhani ulitaka mtu akusemee, kama Bwana Toba alivyokusemea, na mimi kazi hiyo siifanyi bure. Jibu hili nimekutumia Jumanne kwenye anwani ya ofisini kwenu uliyoandika, lakini kama nakujua, umeliweka kwenye droo.

Basi leo ni Alhamisi. Gazeti hili hufika mapokezi kwenu asubuhi na mapema, na chai ni saa nne. Mkurugenzi wako, nimepiga simu nikauliza, huingia saa mbili. Ikiwa unasoma hapa kabla ya wenzako, simama sasa hivi uende.

Kikombe nimekiacha kikombe, na rangi yake ya njano.

Shangazi yako