Ruhusa ya Kwenda Kupanda Mahindi

Kwako Baba Achieng', mume wangu mpendwa,

Tangu tukuzike watu huniambia nipumzike, kana kwamba huzuni ni kulima. Mimi sijachoka. Nimekaa barazani hapa Sori, chai ipo, ziwa liko mahali pake, na wajukuu wamenisumbua tangu asubuhi niwasimulie habari za ng'ambo. Mmoja aliniuliza, "Dani, ni kweli ulikuwa mke wa askari?" Nikamwambia wake wa askari walikuwa wengi, lakini waliokwenda na waume zao walikuwa wa kuhesabika. Hakuelewa. Wewe utaelewa, ndiyo maana nakuandikia wewe.

Unakumbuka gati la Homa Bay? Ilikuwa mwanzo wa miaka ya sitini, Uhuru bado. Mama alinituma kumpokea shangazi, na kabla shangazi hajateremka melini ukateremka wewe, na kaptura ya kaki iliyopigwa pasi mpaka mtu angeweza kuikatia kitunguu. Ulinijia moja kwa moja ukaniuliza basi la Suna, pale wanapopaita Migori siku hizi, linapakia wapi. Basi hilo ulikuwa umelipanda maisha yako yote! Nilikuonyesha hata hivyo, na nikakusindikiza, kwa sababu nami nilikuwa nataka kuulizwa.

Ulipokuja kwetu na wazee wako, nilikuwa nimeshajua ninachotaka. Shangazi yule yule aliolewa na askari. Mumewe alikuja nyumbani mara moja kwa mwaka, akamwachia mimba na mche wa sabuni, akaondoka. Watoto wake walimwamkia baba yao kama wanavyomwamkia chifu. Kwa hiyo nikakuambia waziwazi, "Mimi nikiolewa nawe, twende wote. Kama ni kubaki, afadhali nibaki kwetu." Ukasema Jinja ni mbali, ni ng'ambo ya mpaka, na watu wa huko wanakula ndizi badala ya ugali. Nikasema meno ninayo.

Kazi ikawa kwa mama yako. Hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu, na sababu alikuwa nayo. Wewe ulikuwa kifungua mimba wake. Wajukuu wetu wa mjini hawajui mambo haya, lakini kwetu Wajaluo mashamba ya boma hupandwa kwa zamu: wazee kwanza, kisha mwana wa kwanza na mkewe, ndipo wadogo wafuate. Na mbegu haishuki ardhini mpaka wenye shamba wawe wamelala pamoja usiku wa kuamkia siku hiyo, chini ya paa lao la nyumbani. Mdogo hamtangulii mkubwa hata mvua inyeshe vipi. Mimi nikiwa Uganda, wake wa ndugu zako wangekaa na majembe yao wakitazama mawingu.

"Mchukue," mama yako alisema. "Lakini siku mvua itakaponikuta na mashamba matupu, nyinyi hampo, huyu msichana anarudi hapa na hatoki tena. Utakuwa unakuja kumwona kama wenzako."

Tulikubali upesi, kama vijana wanavyokubali mambo. Mvua huja Machi, likizo yako ilikuwa Machi. Hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba mawingu hayafanyi kazi jeshini.

Nimewasimulia wajukuu safari ya kwanza, nao wamekucheka, samahani. Ni katika meli ya kutoka Homa Bay kwenda Kisumu nilipogundua kwamba nimeolewa na askari asiyeweza maji. Mtoto wa Sori, uliyezaliwa ukinusa samaki, ulitapika kuanzia Kendu mpaka Kisumu huku nimekushikia kofia. Ukasema ni ile chai ya melini. Mimi niliinywa chai hiyo vikombe viwili, nikaomba cha tatu.

Kisha basi la kupitia Busia, na gunia letu la omena, dagaa wetu wa ziwani, lililowafanya abiria wote wafungue madirisha. Na Jinja! Chumba kimoja katika laini za kambi, zile safu za nyumba za askari, kuta za chokaa, kitanda cha chuma cha serikali kilichopiga kelele ukikitazama tu. Jirani yetu alikuwa Mama Okello, mke wa askari wa Kiacholi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Siku ya kwanza nilimenya ndizi mbichi kwa mikono mikavu, utomvu ukanishika, vidole vikawa vyeusi tititi. Uliporudi kutoka gereji ukaweka mkono wako wa girisi kando ya wangu, ukasema, "Sasa sote ni mafundi." Mama Okello ndiye aliyenifundisha kupaka mafuta mikononi kwanza. Alisema Wajaluo wote tuko hivyo, tunaanza kazi kabla ya kuuliza.

Jumapili ulinibeba kwa baiskeli mpaka kwenye bwawa la umeme. Ulipiga kelele sikioni mwangu kushinda mngurumo, ukinieleza kwamba maji yale ndiyo haya ya kwetu, tuliyoogea Sori, na kwamba yanapita hapo yakienda Misri. Nikakuambia, "Basi hata maji ya kwetu hayakubali kubaki nyumbani." Siku nyingine tulikwenda Entebbe kutazama ndege. Tulikaa kwenye nyasi na mayai ya kuchemsha, ukanitajia kila injini jina lake, nami nikaitikia "ehe, ehe" bila kusikia neno. Nilikuwa nakutazama wewe. Nilikuwa na furaha ambayo niliionea aibu, kwa sababu sikuwa nimefanya kazi yoyote ya kuistahili.

Mwaka wa pili mvua ikaja Februari.

Telegramu ilitoka posta ya Homa Bay, fupi kama kofi: mvua imeshuka, mama anangoja. Niliisoma mara nyingi nimekaa kwenye kile kitanda. Likizo yako ilikuwa bado, na ukaguzi wa magari ulikuwa umekaribia. Nilianza kukunja nguo zangu, zangu peke yake, na ulipoingia ukaliona rundo lile. Ulivaa kofia ukaenda kwa Meja, mkubwa wenu mzungu.

Yaliyotokea huko ulinisimulia umefunika uso kwa mto, na Sajini Meja, aliyekuwepo, akayathibitisha kwa kambi nzima.

"Wewe nataka ruhusa kwenda kupanda mahindi?" Meja alikuuliza. "Mke yako hapana jua kupanda?"

"Anajua, effendi. Lakini peke yake hapana weza."

"Kwa nini? Shamba kubwa sana?"

"Shamba kidogo tu, effendi."

Sajini Meja alikuwa amekaza macho ukutani. Nawe, mume wangu, mtu uliyeona haya hata kunishika mkono mbele ya Mama Okello, ukavuta pumzi ukasema, "Effendi, kwa desturi ya kwetu lazima nilale na bibi yangu kwanza. Kwa nyumba ya kwetu. Halafu ndiyo mbegu inaingia."

Meja akauliza kama jeshi la Malkia linatoa ruhusa kwa maneno kama hayo. Hapo Sajini Meja, aliyekuwa Mkamba na kwao pia kuna mashamba, akasema, "Effendi, hii kijana akikosa, boma mzima hapana kula." Meja akageuka dirishani, mabega yakitikisika. Alipogeuka tena uso ulikuwa mwekundu. "Lori yote ikipona, nenda," alisema. "Panda mzuri."

Kabla ya chakula cha jioni kambi yote ilikuwa na habari. Wenzako walivua mashati wakaingia chini ya lori pamoja nawe, Waganda, Waacholi, Wakamba, wakiimba matusi ambayo sitayaandika. Mimi na Mama Okello tulileta viazi vitamu na chai ya birika. Yeye alisimama mlangoni mwa gereji akipaza sauti, "Mbegu, kaza nati!" Jina hilo likakushika mpaka siku tuliyohama.

Lori zikapona, tukaondoka. Ulitapika tena melini, lakini safari hii sikucheka, nilikuwa nahesabu mawingu. Kutoka Homa Bay tulipata gari mpaka Suna, na baada ya Suna tope likalimeza gari la mizigo tulilodandia, tukavua viatu tukatembea. Kila boma tulilopita mahindi yalikuwa yamechipua, na watu walitusalimu wakiwa wameinama kwenye palizi. Kisha tukayaona mashamba ya kwenu. La wazee lilikuwa kijani. Yaliyofuata yalikuwa udongo mweusi uliolimwa vizuri sana, na hakuna kitu ndani yake.

Wake wa ndugu zako walitupokea mizigo wamenuna. Mama yako alitazama miguu yetu ya matope. "Mmechelewa," alisema. "Kuleni kwanza." Nilimeza ugali ule kama mawe.

Asubuhi tulishuka shambani, wewe ukichimba mashimo, mimi nikidondosha mbegu na kuzifunika kwa mguu. Nililia mistari yote. Sikulilia kazi, wala sikumlilia mama yako, kwa sababu ahadi tulikuwa tumeitoa kwa midomo yetu. Nililia kwa sababu nilikuwa najua sasa ninachokikosa. Kabla ya Jinja nilikuwa naogopa tu kubaki. Sasa nilikuwa nakujua wewe, jinsi unavyokoroma, jinsi unavyoongea na injini kama na ndama. Tulipotoka, mistari ya ndugu zako ikaanza, na wanawake wale waliokuwa wamenuna wakaniita shemeji tena.

Jioni mama yako akatuita. Ulisimama wima kama uko gwaride. Ukasema, "Mama, akibaki, na mimi nabaki. Waje wanikamate hapa hapa." Baba yako akakohoa. Sikuwa nimekutuma useme hivyo, na sijawahi kukupenda kama nilivyokupenda saa ile, askari mzima mwenye matope magotini akimtisha mama yake kwa kufungwa jela.

Mama yako aliuliza jambo lingine kabisa. "Na huyo mzungu wako, alikubali vipi kukupa ruhusa kabla ya wakati?"

Ukanitazama. Mimi nikatazama kuku. Basi ukamweleza nusunusu, ukizungukazunguka, lakini mama yako alikuwa mtu wa kufuata jambo mpaka shimoni.

"Ulimwambia maneno hayo? Uso kwa uso?"

"Ndiyo, Mama."

"Mko wawili tu?"

"Na Sajini Meja."

Mama yako akajifunika uso kwa leso. Nilidhani analia kwa aibu, nikataka kupiga magoti. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo ya nyumba, baba yako akatoka nje kwa heshima, nasi tunamsikia naye huko nje akicheka. "Mwanangu amejivua nguo mbele ya mzungu kwa ajili ya shamba langu!" alisema alipopata pumzi. "Huyu hawezi kupotea. Nilifikiri jeshi limekuchukua. Mchukue mkeo, mwende. Na mwakani nitawaita mawingu yakiwa bado madogo."

Hiyo ndiyo ruhusa iliyonipeleka Dar es Salaam pamoja nawe, na uhamisho mwingine wote. Unakumbuka Dar? Mimi msichana wa ziwani niliona maji mengi mbele ya nyumba, nikachota ndoo nikasonga ugali. Nilikuwa nimesikia kwamba bahari ina chumvi, lakini nilidhani watu wanaongeza maneno. Ulikula tonge la kwanza, ukala la pili, ukasema, "Leo umekumbuka chumvi." Achieng' alizaliwa huko, ndiyo maana anajifanya Mswahili mpaka leo. Tukarudi Kenya baada ya Uhuru, tukaishi Nanyuki na baridi yake, kisha Nairobi, na kila mwaka mawingu yakianza kukusanyika tunaitwa. Mwisho ukafungua gereji Migori, na hata huko nilikuwa nakuletea chakula mwenyewe, ingawa kijana wa kutumwa alikuwepo.

Watu husema nilikufuata maisha yangu yote. Waache waseme. Nimekula ndizi, nimekula ugali wa bahari, nimecheka katika nchi tatu, na sijutii hata kituo kimoja. Nikikaa hapa barazani huwa nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanaitana waje waone.

Lakini nikuambie ukweli, maana sina mwingine wa kumwambia. Siku ile hospitalini nilitoka kidogo tu kukutafutia chai, na niliporudi ulikuwa umekwenda. Hukumwomba Meja, hukumwomba mama yako, hukuniomba mimi. Mume wangu, tangu unioe, hii ndiyo mara ya kwanza nimebaki nyumbani.

Pumzika salama, Mbegu. Usizoee kukaa bila mimi.

Mkeo,
Mama Achieng'