Msiro wa Zaina

Dada Mwanahawa,

Salamu toka Quitunda, jua kali na samaki wa nazi kila siku.

Shuleni kwa Zaina wa kaka yetu, kila mtoto ana masomo yake kwenye tableti, nayo hufunguka ikitambua uso wake. Jana nikamsagia kijiti cha msiro, ule mti wetu wa urembo, nikampaka uso mzima mweupe pe, apendeze. Tableti ikamkana! Ikamwandikisha kama mgeni, ikamwanzisha hesabu za darasa la kwanza. Zaina, aliyelizwa na hesabu za sehemu mwezi mzima, akapata zote.

Leo asubuhi wenzake wamejaa mlangoni, hadi wavulana. "Shangazi, nasi tupake!"

Nakuletea kijiti chako cha msiro, mpenzi. Tujipake sote wawili, huenda na dunia ikatusahau, ikatuanzisha upya na hesabu nyepesi.

Nduguyo, Somoe