Wanaoutaka Ushirika, Wanaomtaka Ushirika

Jumamosi, Bariadi. Upepo wa kiangazi unaleta vumbi hadi ndani ya chumba hiki cha kompyuta, na mimi nina hasira ya tangu jana.

Jana nimekosa kazi kwa sababu ya herufi moja.

Jina langu ni Ushirika. Baba alinipa wiki ile ghala la ushirika lilipofunguliwa kijijini kwetu, Ngulyati. Mawe ya msingi aliyasomba yeye kwa mkokoteni wake wa ng'ombe. Siku hizi ghala ni la popo, pamba inanunuliwa na makampuni, na kila kampuni inakuja na mizani yake. Msimu uliopita mzigo wa mama uliondoka nyumbani mzito, ukafika kituoni mwepesi. Kikundi chetu cha wakulima kikaamua kuwa na karani wake wa kusimama pale kwenye mizani. Nikaomba niwe mimi. Mizani naijua, na simwogopi mnunuzi yeyote.

Mwenyekiti wetu, Mzee Sayi, Kiswahili chake hupitia kwanza kwenye Kisukuma. Akasimama mbele ya mkutano, akasema, "Wanaoutaka Ushirika wanyooshe mikono."

Wanaoutaka! Angesema wanaomtaka, ningekuwa mimi. Wanaoutaka ni ule wa zamani, wenye ghala la popo, na watu wamechoka nao. Ikanyooka mikono sita, mmoja wa mama yangu.

Niliinama nikijua nimekataliwa. Tulipokuwa tunatawanyika, jirani yetu Mama Kabula akanishika bega. "Mbona wewe hukutajwa? Mimi nilikuwa nakungoja."

Nilicheka. Halafu nikalia, sitaficha.

Mzee Sayi alipoelewa kosa lake alinifuata na dawa yake. "Ng'wanone," akaniambia, yaani mwanangu, "Jumatatu tunarudia. Andika lile la ubatizo, Veronika. Utapita tu." Nikamjibu, "Ngoja nifikiri, baba."

Nimefikiri. Wenye jina hili wanaojulikana huku kwetu ni wawili, mimi bado. Yupo kipa wa timu ya hapa mjini. Akifungwa, watazamaji huimba "Ushirika umekufa", naye huokota mpira wavuni na kuurudisha katikati. Yupo pia mkunga wa Nkololo. Ghala la kwao lilipofungwa, watu walikwenda kumbishia hodi wakiulizia dawa ya pamba. Aliwaambia dawa hana, ila kama wamekuja na mjamzito waingie. Hakuna kati yao aliyebadili jina.

Nakiri Veronika ananivutia. Leo asubuhi nimemwandika kwenye karatasi, akakaa vizuri sana. Lakini baba hayupo tena, na kitu pekee alichoniachia bila kugawana na kaka zangu ni hili jina. Nampenda baba yangu. Tena ni kazi gani hiyo ya kulinda mizani isidanganye, halafu niianze kwa kujificha?

Sibadili.

Jumatatu nitamwomba Mzee Sayi, kwa heshima zote, akae kwenye kiti chake. Nitasimama mwenyewe. Wakinikataa, safari hii nitajua wamenikataa mimi, na nitaumia kihalali. Ila sentensi nitaitamka kwa kinywa changu: wanaonitaka mimi, wanyooshe mikono.