Nguzo za Mninga Kati Yangu na Veneranda

Jumanne, 14 Novemba 2023
Shemeji Ngassa kaja tena. Shikamoo hakuna! Eti matanga ya kaka yake yamekwisha, sasa anagawa kiwanja. Mimi nibaki na upande wangu kwa kuwa nina watoto wa kiume. Upande wa mke mwenzangu, Veneranda, anauza. Ana binti mmoja tu, na binti ataolewa. Akaonyesha nguzo za uzio kati yetu — mpaka ndio huo, kaka mwenyewe aliuweka.

Marehemu mume wetu alizichimbia mwaka ule mimi na Veneranda tulipogombana kwa ajili ya kuku. Waya umeshaoza. Nguzo ni za mninga, zimewashinda mchwa. Nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Alhamisi, 16 Novemba
Nimemkuta Veneranda anafunga vyombo. Anarudi kwao Nzega, eti afanyeje. Nikamwambia fungua hivyo vyombo! Tukizing'oa hizo nguzo, hiyo nusu yako ataionea wapi? Kaweka sufuria chini. Kisha kacheka — mara ya kwanza tangu msiba.

Ijumaa, 17 Novemba
Ardhi ngumu, mvua imechelewa. Tunamwaga maji shinani mwa nguzo, tunachimba kwa sururu, tunazibinua kwa mtaimbo. Viganja vimechubuka. Yoramu, jirani, kapita, eti wajane kung'oa uzio wa marehemu ni mkosi. Mkosi ni yeye! Mashimo tumefukia, tumefagia juu.

Jumamosi, 18 Novemba
Imebaki nguzo moja, ya pembeni, nene kama paja. Ngassa kaleta mnunuzi. Mnunuzi kauliza mpaka uko wapi. Ngassa kaanza kuzitafuta nguzo. Nikajibu mimi: mpaka hakuna, kiwanja kimoja, wajane wawili, ukinunua unatununua wote. Mnunuzi kawasha pikipiki, huyo!

Ngassa kakimbilia nguzo iliyobaki, kaikumbatia. Eti ndiyo ushahidi, kampigia simu mwenyekiti wa kitongoji, habanduki hapo mpaka afike. Thubutu! Jua la hapa kwetu Ziba halijui?

Mchana Veneranda kasonga ugali. Akaniuliza: Dada, na Ngassa tumpelekee? Nikamwambia mpelekee, ni shemeji yetu. Kala kwa mkono mmoja, wa pili kwenye nguzo! Nimecheka mpaka machozi. Lakini nisijidanganye. Mwenyekiti akiiona hiyo nguzo, Veneranda hana pa kulala.

Mwenyekiti huyo, namwona njiani na baiskeli. Veneranda kashika mtaimbo, ananiita. Ngassa hajaachia. Nachukua ndoo ya maji ya kumwaga shinani — akitaka aachie, hataki, atang'oka nayo.