Benchi la Nyuma

Woodley, Nairobi
Jumamosi

Mpendwa dada Rael,

Pokea salamu katika jina la Bwana. Natumai mgongo umetulia, na mahindi yamekauka kabla mvua haijarudi. Huku tu wazima, ila mimi usingizi umenikimbia.

Unanijua, sinyamazi. Nimeandika kijitabu kuwajibu wanaosema mtu hawezi kujua kwamba ameokoka. Niliwararua! Asiye na hakika hajaokoka, niliandika, basi. Mchapishaji wa River Road alinitania kwamba maneno yangu yataunguza mashine yake, nami nikafurahi.

Jumanne nilimpelekea nakala Mama Nzembi, mjane wa kanisa letu anayeugua saratani. Alisoma kurasa mbili, akavua miwani, akasema nimewachapa wengi humo lakini hajaona nilipojichapa mwenyewe. Akauliza nilitubu nini siku niliyookoka. Nikaanza kunukuu. Akanikatiza: Maandiko anayo chini ya mto wake, anayemtaka ni mimi, Sifuna. Yeye anakufa, akasema, nisimhubirie, nimshuhudie.

Nikasingizia kikao, nikaondoka.

Tangu hapo situlii. Dada, kwenye mkutano ule wa injili wa mwaka wa tisini na nane nilitubu pombe na hasira, watu wakaimba. Dhambi moja niliimeza. Ile barua isiyo na jina iliyowafikia wazee wa kanisa hapo nyumbani, kwamba ulionekana ukitoka chumba cha lojing'i na mwalimu wa kwaya, niliiandika mimi. Sikuona kitu. Ulikuwa umenisahihisha Neno mbele ya vijana, nikachomwa. Wakakutoa kwenye kwaya, wakakukalisha benchi la nyuma miezi sita, na Wesonga akavunja uchumba. Nami nikaja kukuombea uvumilivu, mkono wangu juu ya kichwa chako.

Nimesimamisha kijitabu. Jumapili ya wiki ijayo nitakuja, nisimame mbele ya wazee waliobaki niyaseme haya yote. Ukinifungia mlango, nitalala kwa mchungaji. Lakini usinisamehe upesi kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Kwamba damu ya Kristo huosha, hilo bado ningebishana na yeyote. Kama imeniosha mimi, leo sijui.

Msalimie Everlyn na wanawe. Mwambie mjomba wake anakuja, na umwambie kwa nini.

Ni mimi nduguyo,
Nashon Sifuna