Kamera Ndogo, Bei Kubwa

Kaka yangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na kejeli zake pia. Ni kweli, kamera hii inaenea kiganjani, lenzi yake haibadilishwi, na bei yake ingenunua pikipiki. Hata hivyo, siiuzi ng'o!

Unamjua Mama, akiona kamera kubwa alikuwa anajifunika uso. Mwezi mmoja kabla hajatutoka nilisimama mlangoni na hii, nikamvuta karibu kwa lenzi alipokuwa anaanika nguo huku akitaniana na jirani. Kwenye picha anacheka mpaka pengo linaonekana.

Mazishi hukuyawahi, na sikulaumu. Picha hiyo nimeitia ndani ya bahasha hii. Itazame kwanza, halafu uniandikie tena habari za bei.

Mdogo wako, mbishi kama aliyetuzaa.