Mbuzi Wasiolala Nyumbani

Jumatatu, 3 Juni

Nimefagia vumbi barazani, nimekunywa chai ya rangi, nimetoka nyumbani Wazo mapema. Ofisini Kawe nimefika saa mbili kasoro robo. Wa kwanza, kama kawaida. Wengine wameingia saa mbili na nusu wakilaumu foleni. Foleni hiyo nami niliipita.

Kazi yangu hapa, tangu nistaafu ualimu, ni Kiswahili. Hojaji haziendi mikoani kabla sijazipitia. Safari hii tunatathmini mradi uliogawa mbuzi wawili wawili kwa kaya maskini kabisa katika vijiji vya Dodoma. Majibu yameanza kuingia leo. Bw. Fadhili, mkuu wa tathmini, ametuita sote kwenye kompyuta yake. Idadi ya mbuzi: hakuna. Hakuna. Hakuna. Ukurasa mzima!

"Wamewala," mmoja amesema. Wamecheka.

Sikucheka. Hao ni Wagogo, watu wa kwetu. Nimeona aibu, kisha hasira.

Jumanne, 4 Juni

Ripoti inasomwa mbele ya wafadhili Ijumaa. Mradi ukionekana umeshindwa, awamu ya pili inafutwa. Majina ya wanawake wa awamu hiyo yameshaandikwa. Wanasubiri.

Nimepewa rasimu niisahihishe. Makosa ni mengi, nimeyatoa. Sentensi moja haikuwa na kosa lolote: "Walengwa waliuza au kuchinja mifugo yote." Imenichoma. Nani aliwauliza?

Nimemfuata Fadhili. "Mwalimu, sasa wameenda wapi? Wamepaa?" Nimeomba nipige simu mwenyewe. Amekubali ili ninyamaze.

Jumatano, 5 Juni

Nimewapata!

Jina la kwanza katika orodha ni Mama Mazoya, mjane. Tumezungumza kwa simu ya mwenyekiti wa kitongoji. Nilimwamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," akacheka sana, akaniuliza ni mtoto wa nani. Fomu yake inasema hana mbuzi. Nikamuuliza wamekwenda wapi.

"Wapo."

Wapo wapi?

"Kwa shemeji yangu, ng'ambo ya korongo. Mie nina zizi? Fisi wangewamaliza siku ile ile. Wameshazaa, mwalimu! Yule binti wenu wa fomu aliuliza walio hapa nyumbani. Hapa tupo mimi na kuku."

Bila shaka! Mbuzi wa babu yangu walilala katika maboma manne. Ugonjwa ukiingia zizi moja, mazizi mengine yanapona. Anayekufugia anakunywa maziwa, na wakizaana hukosi kumpa mmoja. Hakuna aliyemwita babu mtu asiye na mbuzi. Nimekua ndani ya desturi hiyo. Miaka arobaini ya Dar es Salaam imenisahaulisha.

Nimepiga simu hadi ikapata moto. Wapo kwa kaka. Wapo kwa jirani mwenye mchungaji. Nimepiga meza kwa kiganja, mimi, mtu wa miaka sabini na mmoja. Watu wamegeuka kunitazama. Wanitazame.

Alhamisi, 6 Juni

Siku mbaya. Halafu siku nzuri kupita zote.

Nimefungua jalada la rasimu za hojaji nimjue mzembe aliyesahau kuuliza. Hakuna aliyesahau. Swali lilikuwapo: "Je, una mbuzi wanaofugwa kwa mtu mwingine?" Limekatwa kwa wino mwekundu. Pembeni, kwa mwandiko wangu: "Marudio. Liondolewe."

Mzembe ni mimi.

Swali aliliandika Rehema, karani wetu, mzaliwa wa Temeke. Alikwenda kijijini kuijaribu hojaji na huko akasikia habari za kufugiana. Alisikiliza. Mgogo wa ofisini akakata.

Ningeweza kulirudisha jalada kabatini. Hakuna mwingine anayesoma rasimu za zamani. Nimelifikiria hilo kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.

Nimemwambia Rehema kwanza.

"Najua, mwalimu."

Mbona hukusema?

"Ningeanzia wapi? Shikamoo, umekosea?"

Ameniuma. Ana haki.

Kisha Fadhili. Ameshika kichwa. "Mama, umeniua. Kesho ndiyo Ijumaa!" Ametembea hadi dirishani, amerudi. "Haya, nyie wote, shikeni simu."

Ofisi imekuwa mnada. Kila mtu na orodha yake. "Wapo!" anapaza sauti mmoja, wengine wanapiga makofi. "Wapo, na wamezaa mapacha!" Yule aliyesema wamewala ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. "Mbuzi hawa wana nyumba nyingi kuliko mwenye nyumba wangu!" Nimecheka hadi machozi.

Si wote wapo. Wa mama mmoja walikufa. Mwingine aliuza mmoja kumtibu mtoto. Tumeandika yote kama yalivyosemwa. Nimesimamia hilo kwa ukali. Furaha isitufanye waongo.

Ijumaa, 7 Juni

Niliomba ukurasa wa ripoti unaoeleza kosa niusome mwenyewe. Sauti haikuyumba. Mfadhili mmoja, bibi mwenye miwani, aliuliza nani aliliondoa swali. Nikasema mimi. Fadhili alitazama viatu vyake.

Uamuzi wa wafadhili: simu za siku mbili si ushahidi wa kutosha. Timu irudi vijijini, iulize upya, ione kwa macho mbuzi walipo. Hadi hapo hakuna jina litakalofutwa.

Hakuna jina litakalofutwa! Nimeshuka ngazi bila kushika ukuta. Kesho magoti yangu yatanidai. Rehema ameteuliwa kuandika hojaji mpya. Nimewatangulia wote kumpongeza.

Jumamosi, 8 Juni

Mvua kidogo asubuhi.

Rehema amekuja nyumbani na rasimu. Amesoma, nimesikiliza. Swali la kumi na mbili: "Je, kuna mtu ambaye ukimwambia idadi ya mbuzi wako utapata hasara?" Kwangu halikuwa na kazi. Nimemuuliza sababu yake. Amesema Mama Mazoya alimpigia jana jioni kwa simu ya mwenyekiti. Anaogopa kwamba akihesabiwa mbuzi ataondolewa katika orodha ya kaya maskini zinazopata msaada.

Nimefunika kalamu yangu nyekundu.

Swali la kumi na mbili limebaki.